Somo: Kutengeneza modeli ya manowari ya makombora inayoelea (kipimo 1:200)

Swali ni lile lile kila mara: "Fundi, mbona yangu inapinduka?" Naandika hapa mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Tunatengeneza Arleigh Burke, manowari ya Marekani iliyoingia kazini mwaka 1991. Urefu wake ni mita 154, upana mita 20. Gawa kwa 200: unapata sentimita 77 kwa 10.

1. Chora umbo kwenye boksi gumu, likate liwe kiolezo.

2. Tafuta mbao ya msufi. Mninga ni mzito, uache kwa wanaotengeneza vitanda.

3. Chonga vipande vitatu: omo (mbele), kati, tezi (nyuma). Hata meli yenyewe haijengwi kama jahazi la Mikindani, mkuku (uti wa chini) kwanza. Kule Bath Iron Works, kiwanda cha meli cha Maine, Marekani, wanachomelea vipande vizima vya chuma, mabomba na nyaya vikiwa vimeshaanza kufungwa ndani, kisha vipande vinaunganishwa.

4. Komba ndani, bakisha viambaza (kuta za ndani) viwili ili maji yakiingia yasikimbilie upande mmoja.

5. UZITO. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Urefu unagawanywa kwa 200, lakini uzito unagawanywa kwa 200 × 200 × 200, yaani milioni 8. Meli yenyewe ikijaa ni takriban tani 8,300, kwa hiyo modeli yako nzima, betri na rangi humo humo, iwe kilo 1 na ushee. Ipime kwenye mizani ya duka. Halafu angalia uzito huo umekaa wapi. Watu wanabandika bati la kopo kwenye mnara wa rada, wanachonga dohani za mbao nzito, wanapigilia misumari kwenye mlingoti. Huko juu tumia karatasi ngumu tu. Wasanifu wenyewe walibanwa na jambo hili. Mwaka 1975 meli ya kivita Belknap iligongana na John F. Kennedy, meli ya kubeba ndege, na sehemu yake ya juu, iliyokuwa ya alumini, ikaungua na kuyeyuka. Burke ikajengwa kwa chuma hadi juu. Chuma ni kizito, na ukiitazama Burke utaona ni nene kiunoni kuliko manowari nyingi zilizoitangulia.

Farumi yako (uzito wa chini wa kuituliza) iwe chubwi za wavuvi, zile za madini ya risasi, zibandike juu ya mkuku, katikati. Weka modeli kwenye beseni, iinamishe kwa kidole, iachie. Ikirudi upesi, sawa. Ikirudi kwa uvivu, uzito bado uko juu: USIIPELEKE BAHARINI. Na usibandike chubwi pembeni ili kuinyoosha.

6. Msasa, rangi ya kijivu, iache ikauke kabisa.

MASWALI

— Upana ni ngapi?

Aya ya pili. Soma.

— Mimi nimeweka bati juu na haijapinduka, kwa hiyo unatutisha bure.

Umeijaribu wapi? Beseni halina upepo. Siku kusi ikivuma pale Shangani, itie majini halafu uje utuambie.

— Shikamoo fundi. Niko Lindi, nasoma kidato cha tatu. Makombora yanakaa wapi, mbona sioni mirija? Na modeli iende kasi gani ili ifanane na yenyewe?

Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Yamesimama wima ndani ya meli, yanatokea kwenye vifuniko vilivyo sawa na sitaha. Burke za mwanzo zina nafasi 29 mbele na 61 nyuma, kwa hiyo wewe chora miraba kwa kalamu, usibandike kitu. Kuhusu kasi, usigawe kwa 200. Gawa kwa kipeuo cha pili cha 200, kama 14. Meli inapita noti 30 (maili 30 za baharini kwa saa), basi modeli ni noti 2 na kidogo, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Hapo mawimbi ya omo yatafanana na ya meli. Hesabu hiyo ni ya William Froude, Mwingereza aliyejenga bwawa la kujaribia modeli pale Torquay miaka ya 1870.

— Nikiyeyusha chubwi jikoni nizimimine zifuate umbo la mkuku?

Hapana! Moshi wa risasi ni sumu, na jikoni kuna watoto. Zitumie zilivyo, kisha nawa mikono.

— Sisi Msimbati maungio tunayaziba kwa pamba na mafuta, kama mtumbwi. Inafaa?

Kwa mtumbwi ndiyo. Hapa rangi haitashika juu ya mafuta. Changanya unga wa mbao uliotoka kwenye msasa na gundi ya mbao isiyoyeyuka majini, jaza, piga msasa tena.