Somo: Kuandika upepo na maji ukiwa mtu wa ziwani

Hamjambo wanachama. Wengi wenu mmeomba somo kuhusu taswira za upepo na bahari: watahiniwa wanaojiandaa kwa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, katika KCSE, na wale mnaotunga wenyewe. Nawaandikia nikiwa Kisumu, na mifano yangu itatoka huku. Mashairi ya vijana wetu ninayoyasoma, kutoka Bondo hadi Ahero, yamejaa mishororo ya namna hii:

Kusi yavuma kwa nguvu, mawimbi yanitikisa

Mizani, yaani hesabu ya silabi, imetimia, kumi na sita. Ila kusi hiyo, upepo wa kusini, haina kazi. Ing'oe, uweke "mvua yanyesha kwa nguvu", na shairi halitapungukiwa na chochote. Upepo unaoweza kuondolewa bila shairi kuumia ni pambo tu, na ushairi wetu haukuuchukulia upepo hivyo hata siku moja.

Hatua ya kwanza: jifunze kalenda ya pepo za Pwani

Huwezi kuyasoma mashairi ya Lamu na Mombasa usipoijua. Kaskazi huvuma takriban Disemba hadi Machi. Ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Bahari huwa tulivu, joto kali, wavuvi hutoka. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili hadi kama Septemba. Ndiyo iliyowarudisha wafanyabiashara makwao, na inapopamba moto, Juni na Julai, vyombo vidogo havithubutu kutoka. Katikati ya misimu hiyo kuna maleleji, pepo zisizo na mwelekeo, leo huku kesho kule.

Sasa tazama mtunzi anavyopata mali hapo. Mwanamke akiimba kwamba kaskazi imeingia, msikilizaji wa Lamu anajua kuna mtu anatarajiwa. Akisema kusi imeanza, kuna mtu anaaga, na hatarudi wiki ijayo wala mwezi ujao. Mpenzi asiyejua anataka nini ni maleleji. Hakuna haja ya kuongeza maneno "nina huzuni" au "nasubiri", kwa sababu kalenda yenyewe imeshasema. Nawasihi mlikariri hili kabla ya kuendelea, maana ndilo kiini cha somo zima: upepo wa ushairi una wakati, una mwelekeo, na una mtu anayefaidika au kuumia unapovuma.

Hatua ya pili: shuka ziwani uutazame upepo wetu

Upepo wa Pwani hugeuka mara mbili kwa mwaka. Wa ziwani hugeuka mara mbili kwa siku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kuja mjini. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa upesi, na upepo hutoka barani kuelekea majini. Mvuvi wa tanga aliondoka na upepo wa nchi kavu kabla ya mapambazuko na kurudishwa na upepo wa ziwa mchana. Alasiri upepo huohuo husukuma unyevu hadi kwenye milima ya Nandi, ndiyo maana mawingu hujikusanya upande ule na ngurumo kuanza watu wakiwa wanatoka kazini.

Maana yake kwa mtunzi ni kubwa. Shairi la kaskazi ni la utengano wa miezi. Shairi la upepo wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, ni la kuagana jioni na kuhesabiana asubuhi. Mke wa mvuvi wa omena, dagaa wa ziwani, hangoji msimu, anangoja kuche. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, taa za wavuvi hutapakaa majini kuvuta omena. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu na wengi hupumzika. Kwa hiyo hata mwezi, ambao kwa washairi wengi ni uso wa mpenzi, ufukweni kwetu unaweza kuwa usiku wa njaa. Sijui kwa nini vijana wetu wanauacha utajiri huu wakakimbilia jahazi wasilowahi kulipanda.

Hatua ya tatu: toa visivyo vya maji yako

Pitia rasimu yako. Ziwa Victoria halina chumvi, kwa hiyo machozi yako hayawezi "kufanana na maji ya Kisumu". Halina matumbawe wala mikoko. Halina kujaa na kupwa kunakoonekana, basi bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) yabaki Pwani. Hili la kupwa lina uzito. Mtunzi wa Mombasa anaweza kuandika kwamba shida imejaa na itapwa, kwa kuwa bahari hurudi nyuma baada ya saa sita hivi. Kwetu, mwaka 2020, ziwa lilipanda likaingia mashambani na majumbani, na halikurudi jioni. Watu walihama. Ukitaka taswira ya msiba usioondoka, unayo hiyo, na ni ya kweli.

Hatua ya nne: funga taswira na jambo moja, ukae nalo

Hapa ndipo sitiari inapokua kuwa jazanda, yaani sitiari inayoendelezwa. Nimechukua gugumaji. Kila mkazi wa Kisumu ameliona: upepo ukigeuka, kisiwa kizima cha kijani kinasafiri, kinalala mbele ya ufukwe, na mashua hazina pa kupita. Ubeti nilioutunga kwa ajili ya somo hili ni huu:

Upepo umegeuka, gugu laja ufukweni,
Mashua zimefungika, hazitoki bandarini,
Nyavu zetu zakauka, zaning'inia kambani,
Ewe uliyetufika, utang'oka siku gani?

Mishororo mitatu ya kwanza ni ya ufukweni kabisa. Mvuvi ataisoma bila kutafuta siri. Wa nne unamwita gugu "ewe", yaani tashihisi, kisicho mtu kupewa utu, na papo hapo msomaji anaanza kuuliza: ni nani huyu? Deni? Kiongozi? Shemeji aliyekuja kwa siku mbili? Sikumtaja, ila kila neno linamfaa: amekuja na upepo ambao hatukuuita, amefunga njia ya riziki, na mizizi yake imeelea, haikushika udongo wetu. Ningeandika "deni kama gugu" ningekuwa nimemaliza shairi mshororo wa kwanza.

Beti zinazofuata zisiniletee mlima wala simba. Nikianza na gugu, nibaki na upepo, mizizi, mashua na nyavu mpaka mwisho.

Hatua ya tano: soma kwa sauti

Ukikwama pumzi katikati ya kipande, yaani nusu ya mshororo, hapo pana kosa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, ina maana sisi watu wa bara tusiandike bahari kabisa?

La hasha. Lugha yenyewe imetupa bahari. Tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na vyaelea vimeundwa, tukiwa Kakamega. Na Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, umeufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka yenye miamba ya kuvunja vyombo. Fumbo hilo ni la kila Mswahili popote alipo. Ninachokataa ni bahari iliyotajwa mara moja ikasahauliwa. Ukiita dunia bahari, niambie chombo ni nani na mwamba uko wapi.

Mimi ni wa kidato cha nne. Nikiulizwa nieleze jazanda katika shairi, niandike nini?

Mwanangu, usiishie kwenye "mshairi ametumia jazanda ya bahari". Taja kitu kinachoonekana, taja kinachowakilishwa, kisha eleza kinachoviunganisha, na unukuu mshororo wa ushahidi. Wengi hupoteza alama kwenye kiungo, si kwenye jina la tamathali.

Natunga mashairi huru. Hatua hizi zinanihusu?

Zote. Tena wewe huna vina vya kukusitiri, kwa hiyo taswira ikiwa dhaifu itaonekana haraka zaidi.

Mwalimu, niko Nakuru. Ziwa letu ni la magadi, hakuna mashua za wavuvi wa tanga. Nifanye nini?

Dada yangu, una vingi. Kiangazi upepo huinua vumbi. Maji ya ziwa lenu yalipopanda miaka ya karibuni yaliizingira migunga iliyokuwa ufuoni, ikafa ikiwa imesimama, na flamingo wengi wakahamia Bogoria. Mti uliouawa na maji! Mtunzi wa Pwani hana hicho. Anza na hiyo migunga, tunga ubeti mmoja, utuwekee hapa.

Ubeti wangu una neno "mtumbwi" na neno "mbuta". Nahesabu mizani ngapi?

Mtumbwi ni tatu: m-tu-mbwi, kwa kuwa "m" ya mwanzo inatamkwa peke yake. Mbuta ni mbili: mbu-ta. Ukiwa na shaka, piga makofi kwa kila silabi unapotamka.