Shule ya Serikali, Akademi au ya Dini? Namna ya Kumchagulia Mtoto Shule Kisumu

Nimekaa dirisha la karo miaka mingi: kwanza katika akademi (shule ya binafsi) moja upande wa Migosi hapa Kisumu, baadaye katika shule ya upili ya serikali ambayo mfadhili wake ni kanisa. Mimi ni Msabato, na watoto wangu watatu wamepitia shule za aina zote tatu. Mwaka ukielekea kwisha, wazazi hunijia na swali moja: tumpeleke wapi? Kwa kawaida mtu huwa ameshachukua upande. Huyu anasema shule ya serikali ni msongamano, yule anasema akademi ni biashara, na wa tatu hataki shule isiyoanza siku kwa maombi. Wote nawaelewa. Lakini wengi hubishania shule ambayo hawajui ni ya nani, na kazi yote ya kuchagua inaanzia hapo.

Ujue kwanza mwenye shule

Jina la mtakatifu langoni halikuonyeshi mwenye shule. Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1906. St. Mary's Yala ni kazi ya Wakatoliki. Friends Kamusinga kule Bungoma imebeba jina la Kanisa la Marafiki, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902. Zote tatu leo ni shule za serikali na walimu wake huajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ndiyo iliyoziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, makanisa yakabaki na cheo cha mfadhili.

Mfadhili ana uwezo gani? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeeleza. Anatoa wajumbe watatu katika bodi ya usimamizi, anashauri mambo ya kiroho, anasaidia fedha na majengo, na anatakiwa kulinda imani ya wanafunzi ambao si wa dhehebu lake. Wazazi katika bodi hiyo hiyo wana wajumbe sita. Rudia kuisoma hesabu hiyo. Mzazi anayeniambia "shule ni ya askofu, sisi tutasema nini" huwa hajui kwamba upande wake una viti maradufu ya vile vya askofu.

Kisha ziko shule za kanisa, za parokia au za Kiislamu ambazo ni mali ya wenyewe hasa. Wanaajiri walimu wao na kupanga karo yao, na kwa sheria, hizo ni shule za binafsi sawa na akademi ya mfanyabiashara yeyote.

Kwa hiyo ukifika ofisini, uliza mawili kabla ya karo. Cheti cha usajili kinasema shule ni ya umma au ya binafsi? Na mwalimu wa mtoto wangu analipwa na nani? Kama ni ya binafsi, omba ukione cheti chenyewe, na uulize kama walimu wote wana nambari za TSC, maana hata mwalimu wa akademi lazima asajiliwe. Karani asiye na la kuficha hukuonyesha cheti ukutani bila kununa. Akianza kukuambia mkurugenzi amekifungia kabatini na amesafiri, endelea na safari yako.

Piga hesabu ya mwaka mzima

Orodha ya karo ya akademi huandikwa ili muhula wa kwanza uonekane rahisi. Nimezichapa kwa mikono yangu, najua. Chukua mfano huu wa tarakimu za kawaida: karo 14,000, basi 6,000, chakula 5,000, tuisheni 1,500. Hiyo ni 26,500 kwa muhula, na kwa mihula mitatu ni 79,500. Ongeza usajili, sare, sweta yenye nembo isiyopatikana soko la Kibuye na safari ya masomo, utakuta umeikaribia laki moja kwa mtoto mmoja. Andika jumla hiyo kwenye karatasi, uizidishe kwa idadi ya watoto wako, uiweke mezani mbele ya mwenzako. Kama inabidi mkope ndipo muifikie, msiingie. Mtoto anayerudishwa nyumbani kila katikati ya muhula kwa sababu ya salio hupoteza zaidi ya kile alichofuata kule, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kusoma majina yao. Nilikuwa nikiwaona wanavyokunja mabegi.

Halafu lipa kwenye akaunti ya shule tu. Ukiambiwa utume kwa M-Pesa ya mtu binafsi, hata awe mkurugenzi mwenyewe, kataa kwa heshima uombe nambari ya shule.

Upande wa serikali, neno "bure" lina mipaka yake. Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze mwaka 2003, serikali hutoa mgao kwa kila mtoto. Kwa shule ya msingi kiwango ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Sekondari msingi (gredi ya 7 hadi ya 9) ni 15,042. Shule ya upili ya kutwa ni 22,244. Ile 1,420 igawe kwa mihula mitatu: haifiki shilingi 500. Hapo ndimo zinamotakiwa kutoka gharama za kumsomesha, na pesa zenyewe huchelewa. Ndiyo maana mwalimu mkuu huwaita wazazi kuhusu mlinzi, chakula na mitihani. Simlaumu kwa kuwaita. Ila ujue sheria inasimama wapi: shule ya umma hairuhusiwi kutoza karo ya masomo, michango mingine inahitaji idhini ya Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, mtoto hafukuzwi kwa kukosa kuilipa, na hakuna anayepaswa kupokea pesa bila kutoa risiti rasmi. Weka kila risiti. Mzazi mwenye risiti zake kwenye bahasha husikilizwa upesi zaidi ofisini kuliko anayepiga kelele.

Nenda siku ambayo hukualikwa

Siku ya wazazi shule zote hupendeza. Wewe nenda Jumanne saa nne asubuhi. Omba ruhusa langoni, sema unatafutia mtoto nafasi, kisha tazama. Walimu wako darasani au wako kivulini? Darasa la mtoto wako lina watoto wangapi kwa kila dawati? Vyoo vikoje? Upande wa Nyando uliza pia mvua za masika huifanya nini shule, kwa sababu kuna madarasa ambayo nyanda za Kano zikifurika hayaingiliki.

Lakini kitu ninachokiamini kuliko vyote ni daftari. Tafuta mtoto wa jirani anayesoma shule hiyo, umwombe mama yake uone daftari zake za Hisabati na Kiingereza. Angalia tarehe. Je, kazi imesahihishwa wiki hii au mara ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita? Kalamu nyekundu imeweka vema tu, au imeonyesha mtoto alikosea wapi? Mtoto amerudia masahihisho? Nimeona daftari za shule ya umma ya Manyatta yenye mabati yaliyotoboka, mwalimu ameandika maoni kila ukurasa. Nimeona pia daftari za akademi yenye basi jipya, kurasa kumi hazijaguswa. Mwalimu anayesahihisha ndiye shule.

Yale mabango ya alama za wastani wa KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, yapite. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na hata ulipokuwapo wastani ulikuwa na siri zake: shule niliyofanya kazi iliwaandikisha watoto wanyonge kwenye kituo kingine cha mtihani ili wasiishushe. Sasa alama za kuingia shule ya upili hukusanywa safarini: asilimia 20 hutoka kwa tathmini ya gredi ya 6, asilimia 20 kwa tathmini za shuleni gredi ya 7 na ya 8, na 60 kwa mtihani wa gredi ya 9. Swali la kumwuliza mwalimu mkuu, wa serikali au wa binafsi, ni hili: tathmini za gredi ya 7 na ya 8 zinafanywaje hapa, na nani huzipeleka KNEC, baraza la mitihani la taifa?

Kwa sekondari msingi, dai uonyeshwe chumba cha sayansi. Tangu mwaka 2023 madarasa hayo yamewekwa ndani ya shule za msingi, ambazo nyingi hazikujengwa na maabara. Akademi nyingi nazo zimeweka meza mbili na hadubini moja zikaita maabara. Uliza watoto wamefanya majaribio gani muhula huu, na uwaulize watoto wenyewe.

Imani: uliza kabla ya kununua sare

Hapa ndipo ninapotaka uchukue muda, maana hapa ndipo watu huumia kimyakimya.

Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri na dini, na kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Mtoto wako haiachi haki hiyo langoni. Kwetu Wasabato, Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2017 kwamba shule za umma ziwape wanafunzi wetu nafasi ya kuitunza Sabato, tangu jua la Ijumaa linapotua hadi linapotua Jumamosi. Kuhusu hijabu, kesi ya shule ya Kiwanjani huko Isiolo, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti, ilifika Mahakama ya Juu. Mwaka 2019 uamuzi uliowaruhusu wasichana kuivaa ulitenguliwa kwa sababu ya utaratibu wa namna dai lilivyowasilishwa. Kwa hiyo dada yangu Mwislamu, usichukulie kwamba jambo limekwisha. Uliza.

Maswali yenyewe ni haya. Ibada au misa ni lazima kwa kila mtoto? Asiyehudhuria hukaa wapi, na chini ya uangalizi wa nani? Kuna masomo Jumamosi? Hijabu inaruhusiwa, na ya rangi gani? Somo la dini ya Kiislamu lina mwalimu, au limeandikwa tu kwenye ratiba? Hili la mwisho ni zito huku kwetu. Mtaala una CRE (somo la dini ya Kikristo) na IRE (la Kiislamu), lakini shule nyingi hazina mwalimu wa IRE, mtoto Mwislamu akajikuta anasoma CRE bila mzazi kujua hadi ripoti ije. Jirani yangu wa Manyatta Arab aliamua mwanawe abaki shule hiyo hiyo ya karibu na aendelee na madrasa wikendi. Aliamua hivyo akijua, baada ya kuuliza, na mtoto ametulia.

Jibu la mdomo lisikutoshe. Katika shule ya umma andika barua fupi kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa bodi ya usimamizi:

"Mimi ni mzazi wa (jina), gredi ya (…). Sisi ni waumini wa (…). Kwa mujibu wa kifungu cha 32 cha Katiba, naomba mtoto wangu aruhusiwe (…). Yuko tayari kufidia kazi ya darasa atakayoikosa. Naomba jibu lako kwa maandishi. Wako mtiifu."

Ipeleke mwenyewe, salimia, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nilipokuwa ofisini, barua zenye muhuri zilijibiwa. Usipojibiwa, hatua inayofuata ni ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo.

Shule ya binafsi ya dini ni mapatano mengine. Ibada ndiyo sababu ya kuwapo kwake, na fomu ya kujiunga utakayotia sahihi kwa kawaida ina kifungu cha kukubali taratibu zake. Kisome chote. Ikiwa imani yenu ni tofauti na hamwezi kuishi na kifungu hicho kwa moyo mweupe, msitie sahihi mkitumaini watawavumilia. Mtoto ndiye atakayekuwa peke yake kwenye benchi.

Mimi ningefanya hivi

Kama pesa ni chache na ni lazima uchague mahali pa kuzitumia, zitumie chini, kuanzia PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) hadi gredi ya 3. Hapo mtoto anajifunza kusoma, na katika darasa la watoto themanini mwalimu hata mwenye moyo hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Akishasoma vizuri, mrudishe shule ya umma iliyo karibu, yenye daftari zilizosahihishwa, na ile tofauti ya karo inunue vitabu. Kisha gombea kiti katika bodi. Shule za serikali za Kisumu zinahitaji wazazi wanaoweza kusoma hesabu, na wazazi hao wengi walizihama baada ya 2003, madarasa yalipofurika.

Ukiamua kumhamisha, maliza mambo kabla ya kufunga muhula. Kama kuna salio kwenye akademi, omba mpango wa malipo ulioandikwa na kutiwa sahihi, mpewe hati za mtoto. Chukua nambari yake ya tathmini ya KNEC, ripoti zote, na barua ya kuhama. Ikiwa yuko gredi ya 7 au ya 8, omba uthibitisho wa maandishi kwamba alama za tathmini za mwaka huo zimeshatumwa. Shule mpya isimwanzishe kabla hawajamhamisha kwenye mfumo wa usajili wa wizara. Simama pale dirishani hadi karani akuonyeshe jina la mtoto kwenye kompyuta yake.