Vidoti kwenye manila ya kikundi: usikodolee macho cha juu tu

Vikundi vingi huku kwetu, kuanzia Mbeya mpaka Iringa, mkishavuna bwana shamba anabandika manila ukutani, anapiga mstari mmoja umelala na mwingine umesimama, afu kila mtu anaweka kidoti cha shamba lake. Kinachofuata ni kilekile, macho yote kwenye kidoti cha juu kabisa, "huyo kaweka nini?", na msimu ujao watu wanakimbilia dukani kununua hichohicho. Hapo ndo hela inapopotea.

Kidoti kimoja kina habari mbili. Shuka nacho wima hadi mstari uliolala unaona kaweka mifuko mingapi ya mbolea ya kukuzia kwa heka (yaani ekari), nenda nacho kushoto hadi mstari uliosimama unaona kavuna gunia ngapi kwa heka. Kwa heka jamani, maana mwenye heka tatu akileta jumla yake kidoti kinaruka juu bure. Na gunia liwe la kilo 100 zilizopimwa. Watu wa viazi, lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, waachieni madalali, ikiingia kwenye grafu ni vurugu tupu.

Tuchukue mahindi, namba hizi nimezitunga tu ili tuelewane. A kaweka mfuko 1 wa UREA, ndo mbolea yetu ya kukuzia, kavuna gunia 11, B mfuko 1 gunia 19, C mifuko 2 gunia 19, D mifuko 3 gunia 12.

A na B wako mstari mmoja wa kusimama, B juu, A chini. UREA ni ileile, kwahiyo jibu liko kwingine na wa kuulizwa ni B. Alipanda lini? Mvua zetu kwa kawaida zinaanza Novemba, aliyepanda na mvua za kwanza na aliyengoja Krismasi hawawezi kulingana. Kapalilia mapema? Nafasi je? Sentimita 75 kwa 30 mche mmoja kwa shimo unapata karibu miche 18,000 kwa heka, sasa wewe shamba lina mapengo kila hatua tatu unataka mbolea izae kwenye pengo?

B na C wako usawa mmoja, mavuno sawa ila C katoa hela ya mfuko wa ziada. Msimcheke kwanza, labda udongo wake umechoka zaidi. Au alimwaga UREA juujuu bila kufukia, na UREA ikiachwa juu na jua likawaka naitrojeni inageuka hewa inapaa, anabaki na mfuko mtupu.

D wengi wanataka afutwe, eti anaharibu mchoro. Asifutwe! Hakikini kwanza namba zake, zikiwa sahihi basi mtembeleeni shambani, huyo ndo ana la kuwafundisha kuliko yule wa juu.

Afu kuna mtego mmoja mkubwa. Vidoti kwa ujumla vikipanda kuelekea kulia watu wanasema tayari, mbolea nyingi mavuno mengi. Sawa, ila angalieni wenye mifuko mitatu ni akina nani, mara nyingi ndo haohao wenye ng'ombe wa kulimia, wana hela ya vibarua, wamepanda mapema na mbegu ni chotara ya UH6303 mpya ya dukani siyo punje za msimu uliopita, halafu sifa zote anachukua UREA. Dawa yake ni maka peni mbili tu: waliopanda Novemba wawe kijani, waliochelewa wekundu. Kijani wote wakikaa juu na wekundu wote chini hata pale ambapo mifuko inalingana, basi mmeona wenyewe kilichowabeba. Na kama hakuna aliyeweka mifuko sita msikisie ya sita italeta nini, hapo hakuna kidoti.

Turudi kwa D. Sehemu nyingi za milimani huku mvua imeosha udongo mpaka una asidi, mizizi inadumaa na mbolea ya kupandia inashikiliwa na udongo, hata uongeze mifuko haisaidii bila chokaa. Apime. Achukue udongo sehemu kama kumi na tano kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, akwepe kichuguu na palipolala mbolea ya ng'ombe, achanganye kwenye ndoo safi ya plastiki isiyowahi kubeba mbolea, aanike kivulini, nusu kilo apeleke maabara ya TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo pale Mbeya. Apeleke akishavuna tu, maana chokaa inataka miezi kadhaa ardhini kabla ya kupanda, ukikumbuka Novemba umeshachelewa.