Ukitaka kumwona Thelma Ritter, mwache steringi kwanza

Nina daftari ambalo halina kazi nyingine ila Thelma Ritter, mwigizaji msaidizi wa Hollywood ya zamani. Kila ukurasa nimeupigia safu tatu: ameshika nini mkononi, ananyamaza wapi, anatoka kwenye filamu lini. Nililianza siku niliyogundua kuwa nimeitazama Rear Window mara nne na huyu mama bado sijamwona. Macho yangu yalikuwa kwa James Stewart na kwa magauni ya Grace Kelly, masteringi wa filamu hiyo. Najua wengi humkosa vivyo hivyo, kwa hiyo naeleza hapa namna ya kumtazama, filamu kwa filamu, kwa mpangilio ulionisaidia mimi.

Jua kwanza alivyobanwa. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1902, akaigiza jukwaani, akaacha ili alee watoto, kisha akarudi kupitia redio. Filamu yake ya kwanza, Miracle on 34th Street, ilitoka 1947, yeye akiwa na miaka 45. Kuanzia hapo Hollywood ikampa mtu mmoja wa kumwigiza maisha yake yote: mama wa makamo mwenye lafudhi ya Brooklyn, mtumishi wa ndani au muuguzi au mama wa mtu, anayewaambia wenye nyumba ukweli wasiotaka kuusikia. Watazamaji wanacheka, hadithi inarudi kwa warembo. Ndiyo nafasi hiyo. Tafadhali usimhurumie kabla hujamtazama, maana huruma itakufanya uone ile nafasi tu, na alichokifanya ndani yake kitakupita.

Anza na Rear Window (1954). Ni rahisi kupatikana na yeye yumo tangu mwanzo, kama Stella, muuguzi anayekuja kumhudumia mpiga picha aliyevunjika mguu, ndiye Stewart. Mara ya kwanza itazame upendavyo. Mara ya pili fuata mikono yake peke yake. Anampima joto, anamkanda mgongo, anatandika, na muda wote huo anamgombeza kwa kuchungulia majirani. Maneno ni makali lakini mikono haikatizi kazi, na hiyo ndiyo siri ya kuchekesha kwake: hasimami ili aseme kichekesho. Kichekesho kinamtoka kama pumzi ya mtu anayefanya kazi. Halafu subiri ile asubuhi anapoanza kuwaza kwa sauti yule jirani wanayemshuku kumuua mkewe alimkatakata wapi, akakata shauri kuwa ni kwenye beseni la kuogea, huku Stewart akihangaika na kifungua kinywa chake. Angalia uso wake hapo: hana dalili ya kujua kwamba anachekesha. Kwake ni swali la kiutendaji, kama mtu anayeuliza nguo zilifuliwa wapi.

Ukimaliza hapo, rudi nyuma kwenye ile ya 1947. Ana tukio dogo tu na jina lake halimo kwenye orodha ya waigizaji. Yeye ni mama mchovu dukani Macy's, mtoto wake ameahidiwa gari la zimamoto, na mzee mwenye ndevu nyeupe, Baba Krismasi wa duka hilo, anamwelekeza duka jingine linaloliuza. Tazama jinsi hasira yake inavyogeuka mshangao, kisha anavyomtafuta mkubwa wa idara kumwambia kuwa sasa atakuwa mteja wao wa kudumu. Darryl Zanuck, mkubwa wa studio ya 20th Century-Fox, alipoona hiyo akataka aongezewe sehemu. Usikae nayo sana. Itazame ujue alikoanzia.

Sasa All About Eve (1950). Hii inataka jioni nzima, ni saa mbili na dakika kumi na nane. Yeye ni Birdie, msaidizi wa Margo Channing, mwigizaji mkubwa wa jukwaani aliyeigizwa na Bette Davis. Usiruke lile tukio la chumba cha kubadilishia mavazi. Eve, msichana mgeni, anasimulia maisha yake ya shida, kila mtu chumbani analainika. Birdie anasikiliza hadi mwisho, kisha anatoa neno moja la dhihaka kuhusu hadithi yenyewe, na Margo anamkemea. Kwenye daftari nimeandika hapo: «Yeye peke yake hakulia.» Baadaye, Margo akiwa bado kitandani asubuhi, anamuuliza kama hampendi Eve. Birdie anamuuliza kwanza anachotaka ni jibu au ugomvi. Akipewa nafasi anasema alichokiona: huyu binti anakusoma kama mtu anavyosoma kitabu.

Kisha filamu inamwacha. Mbele kidogo tu Birdie anapotea, na hakuna anayemuuliza yuko wapi. Ukiwa na safu yako ya tatu utaiona dakika hiyo, na itakuuma. Aliyekuwa wa kwanza kuugundua uongo wa Eve hayupo uongo huo unapofichuka.

Kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Akateuliwa tena kwa filamu za 1951, 1952 na 1953, miaka minne mfululizo, kisha 1959, kisha 1962. Mara sita, na hakushinda hata moja. Mwaka 1955 waliendesha sherehe za Oscar mchekeshaji Bob Hope akiwa Hollywood na yeye akiwa New York. Jukwaani ilikuwa tofauti: mwaka 1958 alipata Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani, kwa New Girl in Town, akiigawana na mwenzake Gwen Verdon. Mimi naona walimkosea zaidi kwenye The Mating Season ya 1951. Humo ni mama mwenye kibanda cha hamburger, anamtembelea mwanawe aliyeoa mke wa ukoo wa kitajiri, mkamwana anamdhania mpishi, naye anaikubali kazi. Hadithi nzima iko mabegani mwake, lakini ameorodheshwa kuwa msaidizi. Ukiitazama, hesabu matukio ambayo yangeanguka angeondolewa. Mimi niliacha kuhesabu.

Neno moja la haki hapa. Waigizaji weusi walibanwa zaidi yake. Hattie McDaniel alishinda Oscar hiyohiyo mwaka 1940, na usiku huo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu. Yeye nafasi zake karibu zote zilikuwa za utumishi wa ndani. Ritter angalau aliachiwa mlango mmoja, nao nitaufikia punde.

Pillow Talk (1959) itazame kwa kustarehe tu; ni mtumishi anayefika kazini na uchovu wa pombe, na Rock Hudson anapojaribu kumlevya apate habari, anayelewa ni Hudson. Lakini kabla ya hiyo, au baada yake, tenga usiku mmoja kwa Pickup on South Street (1953) ya mwongozaji Samuel Fuller. Mlango wenyewe ndio huu.

Zima taa. Ni Moe, anauza tai mitaani na kuwauzia polisi majina ya wezi. Mwanzoni ni yuleyule unayemjua, mjanja, mwenye bei ya kila kitu, na utacheka. Pesa anaweka akiba ya kaburi lake, kwa sababu anaogopa kuzikwa na manispaa kama mtu asiye na wenyewe. Usiku mmoja anarudi chumbani amechoka na kukuta mtu mwenye bastola. Anaweka santuri, analala kitandani, anaongea. Sauti ni ileile ya Brooklyn, ila haraka imeisha. Mikono, kwa mara ya kwanza katika filamu zake zote nilizoziandika, haina kazi. Anamwambia yule mtu kuwa amechoka kiasi kwamba kumuua ni kumsaidia. Kamera inamwacha, inakwenda kwenye santuri, wimbo unaishia, risasi inalia.

Ukurasa huo safu yangu ya kwanza nimeiacha tupu.