Namna ya kuilinda laini yako ya kwanza

Mimi naishi na virusi vya UKIMWI, na niko laini ya pili tangu 2009, yaani dawa za pili unazopewa zile za kwanza zikishindwa. Nakuandikia wewe uliyeanzishiwa juzi TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu, ambacho ndicho laini yako ya kwanza.

Januari 2008, fujo za uchaguzi zilitukuta Mathare. Tulitoka na watoto na nguo za mwilini, nikakaa wiki tatu bila dawa. Sikujua kwamba katika zile dawa tatu nilizokuwa nikimeza, nevirapini huchelewa kutoka mwilini. Wenzake wakiisha, hubaki peke yake, na virusi huizoea upesi: badiliko moja tu la virusi latosha kuiangusha.

Dolutegraviri iliyo ndani ya TLD haizoeleki kirahisi hivyo, lakini huzoeleka. Na nyuma yake hatuna ghala. Laini ya tatu hutolewa baada ya kipimo cha usugu, cha kuonyesha dawa zipi virusi vimezizoea, ambacho si kila kliniki inacho.

Kwa hiyo weka akiba. Mapema 2025, Marekani iliposimamisha misaada, nilikuwa na chupa nzima kabatini, nikapata usingizi. Ukienda ushago Desemba, dawa zikae kwenye mkoba unaoupakata, si kwenye buti la basi. Ukisahau kidonge, meza unapokumbuka. Usimeze viwili kufidia.

Hili akina mama wengi hawaambiwi: vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu na dawa za asidi ya tumbo huishika dolutegraviri, ikashindwa kuingia mwilini vya kutosha. Meza TLD masaa mawili kabla ya hivyo, au masaa sita baadaye. Vya damu na kalsiamu waweza kuvimeza pamoja na TLD ukiwa umekula. Dawa za asidi, hapana. Na ukipewa dawa za TB zenye rifampisini, sema unameza TLD, maana dolutegraviri itabidi iwe mara mbili kwa siku.

Ukipimwa wingi wa virusi, usiridhike na "uko sawa". Uliza namba, uiandike. Ikipita nakala 1,000 za virusi kwa mililita ya damu, utaitwa kwa ushauri, kisha upimwe tena baada ya miezi kama mitatu, ndipo waamue kuhusu kubadilisha dawa.

Kwenye ushauri huo utaulizwa umekosa siku ngapi. Taja idadi ya kweli. Mimi niliporudi kliniki Februari ile nilisema sijakosa hata siku moja, kwa kuogopa kukaripiwa. Wakaniamini, wakanijazia chupa ya dawa zilezile, nikazimeza mwaka mzima huku nikikonda.