Kuwafundisha Nyatiti Watoto Waliozaliwa Nakuru

Kabla ya kununua ala, tafuta wasikilizaji. Nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, haipigiwi watu walionyamaza. Katikati ya wimbo mtu humkatiza mpigaji, hutoa pesa, hujisifu na kuwasifu jamaa zake, kisha muziki huendelea, ndiyo pakruok. Mtoto aliyefunzwa kwa ajili ya jukwaa la mashindano tu hupiga vizuri, ila akikatizwa hukwama. Basi fundisheni palipo na watu wazima: kwenye ua wa ploti Jumapili alasiri, au siku ya chama.

Ala moja inatosha watoto wanne. Mmoja ashike nyatiti. Wa pili avae gara, yaani njuga, kwenye mguu wa kulia, na oduong'o, pete ya chuma, kwenye kidole gumba cha mguu huohuo, agonge kipande cha ubao mkavu. Wawili waitikie. Badilisheni kila dakika 15. Wiki tatu za kwanza ni za mguu: anayeanzia vidoleni hukimbizana na nyuzi, mguu ukabaki nyuma, na kuurudisha baadaye ni kazi kubwa. Nyuzi ni 8, nne kila mkono. Anza na mbili kila upande.

Wamexico wapigao son jarocho, muziki wa jadi wa Veracruz, walioko Marekani wana njia nzuri ya kufundisha. Katika fandango, yaani mkusanyiko wao wa kupiga na kucheza, anayejifunza husimama nje ya duara akipiga anachokiweza, mafundi wakiwa karibu na tarima, lile jukwaa la mbao linalochezewa kwa miguu. Haambiwi asubiri mpaka ajue.

Nyuzi zamani zilikuwa za kano za ng'ombe. Leo ni nailoni ya kuvulia samaki. Nailoni mpya hulegea. Ikaze jioni, iache ilale, ikaze tena asubuhi, siku tatu hivi. Ukiivuta yote kwa mkupuo, daraja, kile kinachoinua nyuzi juu ya ngozi ya ala, linang'oka. Lishike kwa nta, si kwa gundi ya seremala: likihama, la gundi hulirudishi bila kuchana ngozi. Baridi ya Julai hapa Nakuru hulegeza ngozi na sauti hushuka. Ianike juani dakika 10. Kando ya jiko hukauka upande mmoja, ikapasuka.

Lugha ndiyo ngumu. Msitafsiri wimbo, Kijaluo hupanda na kushuka kwa sauti, na uzi hufuata maneno. Mzee ayaseme maneno bila kuimba, yarekodiwe kwa simu, mtoto ayaige hivyo hivyo mpaka ulimi ulainike, ndipo aimbe. Pakruok, kwa upande wake, waanze kwa Kiswahili, hata kwa Sheng, wajisifie mitaa yao, Kaptembwo au Bondeni. Wazee watanung'unika kidogo. Shilingi kumi kumi zinazotolewa ziingie kopo moja, na za kwanza zinunue nyuzi za akiba, maana uzi mwembamba hukatika siku ya wageni.