Jinsi ya Kupakia na Kuvuta Tela Dogo la Kulala Lenye Umbo la Tone

Tela la kulala lenye umbo la tone la maji lilianza kupata umaarufu nchini Marekani katika miaka ya 1930, na mpangilio wake haujabadilika sana tangu hapo: mbele kuna chumba chenye godoro la watu wawili, na nyuma, chini ya mlango mkubwa unaofunguka kwenda juu, kuna jiko. Ndani hakuna nafasi ya kusimama. Kwa kuwa mengi ya matela haya huwa na uzito wa kilo 300 hadi 700 yakiwa matupu, gari la kawaida la familia mara nyingi linaweza kuyavuta, na hapo ndipo watu wengi huacha kufikiria habari za uzito. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wanapaswa kuanza.

Kabla ya kununua au kukodi, fungua kitabu cha gari lako utafute vikomo viwili: uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta, na uzito unaoruhusiwa kukandamiza kiungio cha nyuma, pale tela linapofungwa. Ikiwa tela halina breki zake lenyewe, angalia pia kikomo cha matela yasiyo na breki, kwa maana mara nyingi huwa cha chini zaidi. Kisha soma kibao cha tela, kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa likiwa limepakiwa. Tela lenye kikomo cha kilo 750 ambalo likiwa tupu lina kilo 520 limekuachia kilo 230 tu, na humo lazima viingie betri, mtungi wa gesi, vyombo, nguo na maji, ambayo kila lita yake ni kilo moja.

Uzito wa jumla ukishakuwa sawa, linabaki swali la mahali uzito huo ulipokaa ndani ya tela. Kanuni inayotumika sana Marekani ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa ikandamize kiungio cha gari. Ikiwa mtengenezaji wa tela au wa gari ametoa kiwango chake, fuata hicho. Shingo, yaani mkono wa mbele wa tela unaoungana na gari, ikiwa nyepesi mno, tela huanza kuyumba kushoto na kulia, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo myumbo unavyokuwa mgumu kuutuliza. Tela la umbo la tone lina kishawishi chake katika jambo hili, kwa sababu jiko liko nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu), na jikoni ndiko kila mtu anakotaka kuweka vitu vizito.

Chukua dumu la maji la lita 20. Ukiliweka jikoni, mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kiungio kikiwa mita 2.5 mbele ya ekseli hiyo, dumu hilo moja litaipunguzia shingo karibu kilo 10. Ukilihamisha chumbani, nusu mita mbele ya ekseli, litaiongezea kilo 4. Tofauti ya kilo 14 imepatikana bila kuacha kitu chochote nyumbani. Kwa hiyo vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli au mbele yake kidogo, vifungwe visiteleze, na jikoni vibaki vyombo vyepesi.

Usikisie, pima. Egesha tela lililopakiwa kwenye ardhi tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, kisha shusha shingo juu ya gogo lililosimamishwa kwenye mizani ya kupimia uzito wa mwili, kiungio kikiwa katika kimo kilekile kitakachokuwa nacho nyuma ya gari. Hakikisha tu kwamba mizani yako inaweza kubeba uzito unaoutarajia. Toa uzito wa gogo kwenye namba ya mizani; kwa tela la kilo 500, kinachobaki kiwe kilo 50 hadi 75.

Ukishaunganisha na kufunga komeo la kiungio, inua shingo kidogo kwa jeki: ikiwa nyuma ya gari inainuka pamoja nayo, kiungio kimeshika. Pitisha minyororo ya usalama kwa kuipishanisha chini ya shingo, kagua taa zote, na kaza tena nati za magurudumu baada ya kilomita 80 za kwanza. Tela likianza kuyumba barabarani, shika usukani ukiwa umenyooka na uondoe mguu taratibu kwenye mafuta, bila kukanyaga breki za gari kwa nguvu wala kuongeza mwendo. Simama mahali salama, upange mizigo upya. Kila unaposimama, sogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kimoja kikiwa na joto kali kuliko mwenzake, huenda beringi inahitaji grisi au breki imeganda.

Kambini, weka kabari kabla ya kutenganisha tela na gari. Sawazisha kushoto na kulia kwanza, kisha mbele na nyuma kwa jeki ya shingo. Miguu ya pembeni ni ya kutuliza mtikisiko, haikutengenezwa kuinua tela.

Usiku, pumzi za watu wawili katika chumba kidogo hugeuka matone kwenye kuta, kwa hiyo acha matundu ya hewa wazi pande mbili hata kukiwa na baridi, na asubuhi inua godoro likauke upande wa chini. Jiko la gesi au la mkaa lisiingie kamwe chumbani, hata kwa kupasha joto dakika chache, kwa kuwa kaboni monoksidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Maji ya mvua nayo hupenda kupita kwenye bawaba ya mlango wa jiko. Mara moja kwa msimu, mtu mmoja amwagie maji kwa mpira juu ya bawaba hiyo, na mwingine akae ndani na tochi akipapasa plaiwudi kwa vidole. Palipo na unyevu, ondoa gundi ya zamani yote, pakaushe kabisa, ndipo uzibe upya.